Roma na vilima vyake vya divai, kwa mgeni wa Malindi asiye na gari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa mkahawa hapa Malindi na wateja wangu wengi ni Waitaliano. Familia moja inayokuja kila mwaka imetualika Roma, mimi na mwenzangu wa jikoni, siku nane kuanzia mwisho wa Septemba hadi baada ya Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Kiitaliano tunakiongea. Nataka kuujua mji wenyewe na pia mashamba ya mizabibu ya karibu, maana kila jioni naulizwa habari za Frascati na kazi yangu ni kufungua chupa tu. Gari hatuna, na pesa ni za kuhesabu. Mwenzangu ni Mwislamu, hanywi. Tupange vipi? Na je, ni lazima tufike Toscana?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la mwisho. Toscana iacheni. Treni ya kasi hukufikisha Firenze kwa saa moja na nusu, lakini mizabibu ya Chianti haiko Firenze. Iko mashambani kati ya Firenze na Siena, mabasi ni machache, na asiye na gari humaliza siku nzima vituoni ili aonje glasi tatu. Nauli hiyo itawalisheni vizuri mkiwa Roma. Isitoshe, wewe unaulizwa habari za Frascati, na Frascati inatoka kwenye vilima vinavyoonekana ukisimama mahali pa juu mjini Roma ukatazama kusini-mashariki. Vinaitwa Castelli Romani, na treni ya kutoka stesheni kuu ya Termini huchukua kama nusu saa.

Jambo la pili ni kwamba unapanga kana kwamba mji una siku zake na divai ina siku zake. Roma haiendi hivyo. Vilima hivyo ni mabaki ya volkano, Colli Albani, na maziwa ya Albano na Nemi ni vinywa vyake vilivyojaa maji. Majivu ya volkano hiyo, pozzolana, ndiyo Warumi wa kale waliyochanganya na chokaa wakapata zege linaloshikana hata likiwa majini. Jiwe lake la kijivu, peperino, lilichimbwa Marino likajengea mji. Udongo wake mwepesi, wenye madini mengi na usiotuamisha maji, ndio unaolisha mizabibu. Ukisimama asubuhi ndani ya Pantheon, hekalu la kale la Warumi, chini ya kuba lenye upana wa mita 43.3 na kimo cha mita hizo hizo kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la juu, zege tupu lisilo na chuma ndani yake, ujue kitu kilicholishikisha ni ndugu wa udongo wa Frascati. Tazama na ujanja wa mafundi: chini walichanganya zege na mawe mazito, na kadiri walivyopanda wakatia mawe mepesi zaidi, hadi juu kabisa wakatumia mawe ya volkano yaliyojaa matundu. Ndiyo maana lingali juu tangu enzi ya Kaisari Hadrian, karne ya 2.

Basi pangeni siku mbili kamili za vilimani, moja ya kazi ya Frascati, kati ya Jumanne na Ijumaa, na nyingine Jumapili ya kwanza ya Oktoba ya Marino. Zilizobaki ziwe za mji.

Frascati kwanza, kwa kuwa ndiyo shida yako.

Treni ni za njia ya FL4. Zikishapita Ciampino, njia hiyo inagawanyika matawi matatu: Frascati, Albano na Velletri. Wageni wengi hupotea hapo. Wanapanda treni ya kwanza iliyoandikwa FL4 na kujikuta Velletri. Tazama jina la kituo cha mwisho kwenye ubao, namba ya njia haikusaidii. Tiketi ni kama euro 2.10 kwenda. Ile ya metro ya euro 1.50 haifiki huko. Tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyo kituoni kabla hujapanda, na ya kwenye simu lazima uithibitishe ndani ya simu, la sivyo mkaguzi atakutoza faini hata kama umelipa nauli. Kujitetea kwamba wewe ni mgeni hakusaidii, na Kiitaliano chako kizuri kitakuumiza zaidi. Nunua na ya kurudi hapo hapo Termini.

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1856, nayo ndiyo ya kwanza iliyojengwa katika dola la Papa. Mabwana wa Roma walikuwa na majumba yao ya kiangazi huko, na moja mashuhuri utaliona ukishapanda ngazi kutoka kituoni: Villa Aldobrandini, iliyojengewa Kardinali Pietro Aldobrandini, mpwa wa Papa Clement VIII. Bustani yake, yenye ukumbi wa chemchemi uliochongwa kwenye kilima nyuma ya jumba, hufunguliwa kwa wageni, lakini si kila siku wala si saa zote, kwa hiyo ulizeni siku moja kabla. Msishangae kuona nyumba nyingi za mji si za kale. Tarehe 8 Septemba 1943 ndege za Marekani ziliupiga mji huu mabomu kwa sababu makao ya jemadari wa Kijerumani, Kesselring, yalikuwa hapo, na sehemu kubwa ikabomoka.

Sasa chakula na divai. Wenyeji wana desturi ya zamani: unanunua chakula sokoni, unakibeba mpaka kwenye cantina, ghala la divai, unakalia benchi, na kinachouzwa humo ni divai. Pahala pa namna hiyo huitwa fraschetta, na zamani palitambulikana kwa tawi lililoning'inizwa mlangoni kuonyesha kwamba divai mpya imewiva. Siku hizi nyingi zimekuwa mikahawa ya kawaida yenye bei ya kawaida, kwa hiyo kabla ya kuketi uliza: “Si può portare da mangiare?” yaani, inaruhusiwa kuja na chakula? Wakikataa, nenda ya pili. Pale Piazza del Mercato vipo vibanda vinavyouza porchetta, nguruwe mzima aliyetolewa mifupa, akajazwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na majani ya rosmarino, kisha akaokwa saa nyingi mpaka ngozi ikawa kama bisi. Mnaagiza kwa etto, yaani gramu 100. Etto moja na nusu na mkate inamtosha mtu mmoja. Omba kipande chenye ngozi na nyama ya tumbo pamoja, maana ya mgongoni peke yake ni kavu. Mwenzako atapata jibini ya pecorino, zeituni, mboga zilizochomwa na mkate wa Genzano, wenye ganda jeusi nene, ambao ulipewa hati ya Ulaya ya kulinda jina lake mwaka 1997.

Divai ya mezani huagizwa kwa mezzo litro, nusu lita, au quartino, robo lita. Chombo chenyewe cha kioo kina historia yake. Wenye vilabu vya Roma walikuwa wakiwapunja wanywaji kwa vyombo vya udongo visivyoonyesha ndani, na mwaka 1588 Papa Sixtus V akaamuru vyombo viwe vya kioo vyenye kipimo rasmi. Hadi leo nusu lita bado inaitwa foglietta na wazee.

Divai hiyo ya wazi si ile unayoifungua kazini, na tofauti hii ndiyo utakayowaeleza wateja wako. Yako madaraja matatu. Frascati ya kawaida, yenye DOC, hati ya Italia ya kulinda asili ya divai, tangu 1966, ni nyepesi na ya kunywewa ikiwa changa. Frascati Superiore, yenye DOCG, hati ya daraja la juu zaidi, tangu 2011, hutoka kwenye mizabibu inayoachiwa mashada machache zaidi, na kilevi chake hakipungui asilimia 12. Ikiandikwa Riserva, imekaa mwaka mmoja na kilevi hakipungui asilimia 13. Cannellino di Frascati ni tamu, ya zabibu zilizochelewa kuchumwa. Zabibu za msingi ni malvasia, angalau asilimia 70, na hapa ndipo penye siri. Kuna malvasia mbili. Ile ya Candia huzaa sana na haina harufu nyingi. Ile ya Lazio, jimbo lenye Roma, wanayoiita puntinata kwa sababu ya vidoadoa vya ganda lake, huzaa kidogo, huoza upesi mvua ikizidi, na ndiyo yenye harufu. Mkulima anayelipwa kwa kilo atapanda ipi? Frascati ilipopata umaarufu wa dunia baada ya vita, mizabibu ya Candia ikajaa na chupa nyepesi zisizo na ladha zikafurika kwenye maduka makubwa ya Ulaya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na vilima hivi ndivyo vilivyofanya. Wanaojirekebisha sasa hujivunia puntinata na zabibu nyingine iitwayo bellone, kwa hiyo swali la kwanza ukifika kwenye kiwanda ni: kuna puntinata asilimia ngapi humu? Anayejibu kwa namba anaijua kazi yake.

Kiwanda huingiwi kwa kubisha hodi. Andikeni barua pepe angalau wiki moja kabla, mseme ni watu wawili, mnatoka kwenye hoteli za Malindi, mmoja hanywi. Mwisho wa Septemba ni wakati wa kuvuna, na hilo lina mema na mabaya yake. Mtaona zabibu zikiingia kreti kwa kreti, lakini mwenyeji atakuwa mbioni na huenda akawapa saa moja tu. Gharama ya kuonja na kuuma kitu huwa kati ya euro 20 na 40 kwa mtu. Ulizeni pia kama kiwanda kiko umbali wa kutembea, maana vingine viko kilomita tano nje ya mji, barabara haina njia ya miguu na teksi haipatikani.

Kuonja kwenyewe: glasi sita za mililita 50 ni mililita 300, karibu nusu ya chupa, tena mchana wa jua. Kuleni kwanza, na pale mezani kuna chombo cha kutemea. Kutema si dharau, ndivyo wafanyavyo wenyewe. Shika glasi kwenye mguu wake. Nusa kabla ya kuitikisa, kisha itikise na unuse tena. Harufu ikibadilika kutoka kwenye tofaa kuelekea pichi na maua, hiyo ni malvasia nzuri. Ukimeza au kutema, subiri sekunde kumi. Frascati iliyotengenezwa vizuri huacha uchungu mdogo wa lozi nyuma ya ulimi. Ikikuacha na uchachu wa ndimu tu bila kitu kingine, zabibu zilichumwa mapema au zimetiwa zabibu nyingi za aina ya trebbiano. Ikinuka tofaa lililokatwa likaachwa mezani na rangi imekuwa ya dhahabu iliyokolea, imeingiwa na hewa au imepata joto. Hiyo ya mwisho ndiyo mtakayoikuta zaidi Malindi, na nitairudia. Mwenzako asikae nje akisubiri. Kunusa si kunywa, na mpishi ana pua iliyozoea kuliko ya mhudumu.

Kabla ya kuondoka Frascati pitieni duka la mikate mununue pupazza, biskuti ya unga na asali yenye umbo la mwanamke mwenye matiti matatu: mawili ya maziwa na la tatu la divai. Hiyo mwenzako anaweza kula. Zile pete ndogo kavu, ciambelline al vino, zimekandwa kwa divai, na ni heri ajue mapema aamue mwenyewe.

Marino ni sherehe. Sagra dell'Uva, sikukuu ya zabibu, ilianza 1925, na Jumapili ya kwanza ya Oktoba hupita maandamano ya watu waliovaa mavazi ya karne ya 16 kukumbuka vita vya baharini vya Lepanto vya 1571, ambako Marcantonio Colonna, bwana wa Marino, aliongoza merikebu za Papa. Jioni chemchemi ya mji hutiririsha divai badala ya maji. Mwaka 2008 mafundi walikosea kuunganisha mabomba, chemchemi ikatoa maji na divai ikatoka kwenye mifereji ya nyumba za jirani, watu wakakimbilia ndoo. Chemchemi hiyo inaitwa ya Wamori Wanne, nayo ina sanamu za mateka wanne waliofungwa kwenye nguzo. Umati unanyosha vikombe chini yao ukicheka, na sidhani mtu wa pwani yetu, anayejua habari za minyororo, atapita pale bila kutulia kidogo. Tazameni, halafu muwaulize wenyeji wenu wanaionaje. Ni mazungumzo yatakayowafundisheni zaidi ya kitabu cha mwongozo.

Kwa upande wa shughuli: treni ni ya tawi la Albano, kituo cha Marino Laziale. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi, kwa saa zetu za Kiswahili, maana baada ya adhuhuri mabehewa hujaa hadi milangoni. Divai ya chemchemi ni ya kufurahisha watu, ubora usiutafute humo. Mwenzako atafute ciambella al mosto, mkate mtamu wa mviringo unaokandwa kwa maji ya zabibu yaliyokamuliwa hapo, na mashada ya zabibu hugawiwa ovyo siku hiyo. Rudini kabla ya umati wa usiku. Kuna jambo moja la kuangalia kwenye kalenda: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi makumbusho ya serikali ya Italia ni bure, Colosseo likiwamo. Kila mgeni analijua hilo, na foleni zake ni adhabu. Waachieni.

Tawi hilo hilo la reli hupita Castel Gandolfo, juu ya ziwa Albano, ambako jumba la mapapa lilifunguliwa kuwa makumbusho 2016. Ukishuka kituo cha mwisho, Albano, unatembea hadi Ariccia kuona uwanja na kanisa la msanifu Bernini. Nusu siku inatosha, na kama mmechoka msiende.

Divai nyekundu ya nchi hii ni cesanese, na iliyo bora ni Cesanese del Piglio, DOCG tangu 2008. Piglio iko mbali, mashariki, na bila gari ni mateso. Inywe Roma, kwenye enoteca, yaani duka la divai, glasi moja: harufu ya cheri na pilipili manga, ukali mdogo unaokausha fizi. Kwa nyama choma ya Malindi inafaa kuliko nyekundu nyingi nzito, tena ukiipoza kidogo.

Sasa mji. Nisipoteze maneno kwenye yale ambayo wageni wenu wameshakuhadithia. Colosseo: tiketi ya euro 18 hubeba jina lako na hulinganishwa na pasipoti, inunuliwe kwenye tovuti rasmi siku 30 kabla, na inaingiza pia kwenye magofu ya Foro na kilima cha Palatino. Pantheon ilianza kutoza kiingilio cha euro 5 mwaka 2023. Galleria Borghese haina kuingia bila kuweka nafasi, na muda ni saa mbili. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na imejaa. Jumatano asubuhi Papa huwa na hadhara uwanjani, kwa hiyo kanisa la Mtakatifu Petro halipitiki mpaka adhuhuri. Jumatatu mengi ya makumbusho mengine yamefungwa. Usikae kwenye ngazi za Piazza di Spagna, kuna faini. Maji msinunue: zipo kama 2,500 za bomba za chuma za mitaani, nasoni, maji yake ni baridi na safi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yatarukia juu kwenye tundu dogo unywe bila chupa.

Mtaa ninaotaka mkae nao ni Testaccio, kusini, kituo cha metro cha Piramide. Hapo ndipo utaona mji na vilima vilivyoshikana.

Kuna kilima pale, kimo chake kama mita 35 na mzunguko wake wapata kilomita moja, na chote ni vigae. Ni mitungi iliyovunjwa, mamilioni kwa mamilioni, iliyoletea Roma ya kale mafuta ya zeituni kutoka Uhispania ya kusini na Afrika ya kaskazini, kwa sababu bandari ya mtoni ilikuwa hapo. Mtungi wa divai uliweza kutumiwa tena. Wa mafuta haukuweza, kwa kuwa udongo wake hunywa mafuta na mafuta huvunda. Kwa hiyo mitungi ya mafuta waliitupa hapo, wakaivunja, wakaipanga kwa ngazi na kunyunyiza chokaa kuua harufu. Kwenye vigae vingi maandishi ya wino bado yanasomeka: uzito, mahali, jina la mfanyabiashara. Ni hati za forodha zilizoandikwa juu ya mizigo.

Baadaye, karne nyingi baadaye, Warumi wakagundua kwamba vigae hivyo vyenye nafasi katikati hupitisha hewa, na pango likichimbwa ubavuni mwa kilima hukaa baridi kiangazi chote. Wakachimba maghala pande zote, na divai ya Castelli iliyoshuka usiku kwa mikokoteni, mwendeshaji akisinzia chini ya kijipaa chake na mbwa mdogo akilinda mapipa, ikahifadhiwa humo. Oktoba mji mzima ulikuja kunywa na kucheza hapo, ndiyo ottobrate. Leo mikahawa iliyopo chini ya kilima imetumia mapango hayo hayo, na baadhi imeweka kioo ukutani ili ule huku ukiviona vigae. Kilima chenyewe kimefungwa kwa uzio, hupandwa kwa miadi tu.

Ng'ambo ya barabara ni machinjio ya zamani, yaliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kufungwa 1975, sasa ni mahali pa sanaa na chuo cha usanifu. Nyama nzuri iliondoka kwenda kwa wakubwa, na wachinjaji walipewa yaliyobaki: mkia, matumbo, moyo, utumbo. Ndipo kikazaliwa chakula kinachoitwa quinto quarto, robo ya tano. Mpishi wa Malindi anayejua kupika matumbo atakuwa nyumbani. Trippa alla romana ni matumbo yaliyochemshwa, yakaiva kwenye nyanya, kisha yakatiwa mnanaa mwitu na pecorino ya kukuna. Kwa desturi ni chakula cha Jumamosi. Mkia wa ng'ombe, coda alla vaccinara, huiva polepole kwa saa tatu au zaidi na selari nyingi, mpaka nyama iachane na mfupa. Nendeni soko la Testaccio asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, kabla ya saa nane mchana, ambako mikate iliyojazwa nyama hizi huuzwa kwa bei ndogo kuliko mezani.

Mwenzako awe macho. Tambi za carbonara, amatriciana na gricia zote zina guanciale, shavu la nguruwe, na hata mkia ule mara nyingi huanzishwa kwa mafuta yake. Cacio e pepe, tambi za jibini na pilipili manga, haina. Kwenye mtaa wa zamani wa Wayahudi, kando ya Portico d'Ottavia, mikahawa ya kosher haitii nguruwe kabisa, ila hufungwa Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni. Soko la Esquilino, karibu na Termini, lina bucha za halali, bamia, mihogo na ndizi za kupika, na mkitaka kuwapikia wenyeji wenu kuku wa nazi, mahitaji yote yamo humo. Kwa sala ya Ijumaa, Msikiti Mkuu ulifunguliwa 1995, kaskazini mwa mji. Panda treni ya mtaa kutoka Piazzale Flaminio hadi Campi Sportivi. Ni jengo la kutazamwa hata na asiye Mwislamu, nguzo zake zimejipinda juu kama matawi ya miti.

Na mkikaa na wazee wa Kirumi, watajieni San Marco ya Ngomeni, kituo cha Waitaliano cha kurushia setelaiti. Setelaiti zilizorushwa huko kuanzia 1967 zilikuwa kazi ya Profesa Luigi Broglio na Chuo Kikuu cha Sapienza, ambacho kiko dakika chache kutoka Termini. Wengi wao wanaikumbuka Malindi kwa jambo hilo kabla ya fukwe.

Makaratasi, kwa ufupi. Viza ya Schengen ada yake ni euro 90 na huombwa Nairobi, si chini ya siku 15 kabla ya safari, ila ningeomba miezi miwili kabla. Bima iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko ya familia iambatane na nakala ya kitambulisho cha mwenyeji, na barua ya mwajiri wenu iseme tarehe mtakayorudi kazini, kwa kuwa shaka kubwa ya maofisa ni kama mtarudi. Mkishafika, mwenyeji anatakiwa na sheria kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48 kwamba analaza wageni wa kigeni. Wengi hawalijui hilo, mkumbusheni kwa upole. Kutoka uwanja wa Fiumicino, Leonardo Express ni euro 14 hadi Termini. Treni ya kawaida, FL1, ni euro 8, na hushuka Trastevere, Ostiense au Tiburtina. Kama nyumba ya wenyeji iko upande huo, hiyo ya pili ni bora.

Mwisho, chupa za kurudi nazo. Forodha ya Kenya inaruhusu lita mbili za divai bila ushuru, kwa hiyo mbili za mililita 750 kwa kila mtu, ndani ya begi la kupakiwa, kila moja kwenye soksi nene na mfuko wa plastiki uliofungwa. Chukua Superiore ya mwaka jana na Cannellino moja. Ukifika, zilaze friji siku hiyo hiyo. Frascati iliyokaa wiki mbili kwenye stoo ya bati la Malindi imekwisha kufa, na mteja anaposema si kama ile ya kwao, mara nyingi ana haki. Iandaliwe kwa nyuzi 8 hadi 10. Ndoo iwe nusu barafu na nusu maji, dakika 20 zinatosha. Barafu tupu bila maji huchelewa, kwa sababu hewa iliyo katikati ya vipande haibebi joto. Na kwa joto letu mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi, urudi kuongeza.